Mbuzi Kwenye Gunia: Je, Sheria Iwalazimishe Wenye Programu za Simu Kutueleza Wanavyotumia Habari Zetu?

Wahenga walinena kuwa asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Basi katika ukurasa huu wa mafunzo tutauliza swali moja, tuligeuze huku na huku, kisha tulijibu. Swali lenyewe ni hili: je, sheria iwalazimishe wenye programu za simu kumweleza mtumiaji, waziwazi, habari zake wanazochukua na wanachozifanyia?

Huenda ukasema, "Aa, hayo ni mambo ya mawakili na wataalamu wa kompyuta. Mimi wa kidato cha pili yananihusu nini?" Ngoja kidogo. Shuleni hatubebi simu, kweli, lakini likizo ikifika simu ya mama hugeuka kuwa ya watoto wote. Mtoto anatafuta mchezo, anaupakua, anabonyeza "Nakubali" mara tatu bila kusoma, na mchezo unaanza. Katika simu hiyohiyo mna nambari za jamaa wote, picha za harusi ya shangazi na ujumbe wa M-Pesa wa mwaka mzima. Mama amekubaliwa nini na mwanawe? Hakuna ajuaye. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia: unalipa, unabeba, ukifika nyumbani unafungua gunia, kumbe mbuzi ni mgonjwa na mwenye kuuza keshaondoka.

1. TUELEWANE KUHUSU MANENO

Kabla ya kubishana, tuelewane kwanza.

Programu ya simu ni ile huduma unayoipakua na kuiweka katika simu ili ikufanyie kazi fulani: mchezo, ramani, tochi, mkopo, mazungumzo na kadhalika.

Data ya kibinafsi ni habari yoyote inayoweza kumtambulisha mtu: jina, nambari ya kitambulisho, mahali alipo, sura yake, sauti yake, alama za vidole vyake.

Faragha nalo si neno geni katika lugha yetu. Mzee mwenye busara akitaka kumwonya kijana humwita faraghani, asimwaibishe mbele za watu. Kwa hivyo wale wasemao kwamba anayetaka faragha ana maovu ya kuficha, wamekosea. Faragha ni haki ya mtu kuchagua nani ajue jambo lake na nani asilijue.

Tangazo la faragha ni maelezo yanayotolewa na mwenye programu kuhusu habari anazochukua, sababu ya kuzichukua, na watu wengine anaowapa. Hili ndilo tunalojadili.

2. MAMBO YANAVYOTENDEKA

Programu ikishaingia katika simu huomba ruhusa: ruhusa ya kujua mahali ulipo, ya kutumia kamera, ya kusikiliza kipaza sauti, ya kusoma orodha ya nambari. Ruhusa nyingine ni za haki kabisa. Ramani haiwezi kukuelekeza Nakuru bila kujua umesimama wapi. Lakini tochi je? Tochi ya simu inataka kujua uliko ya nini?

Usidhani ni mfano wa kubuni. Huko Marekani kulikuwa na programu ya tochi iitwayo Brightest Flashlight, ya bure, iliyopakuliwa na mamilioni ya watu. Mnamo Desemba 2013 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya nchi hiyo ilieleza kwamba tochi hiyo ilikuwa ikituma mahali alipo mtumiaji, pamoja na alama ya kutambulisha simu yake, kwa makampuni mengine yakiwemo ya matangazo ya biashara. Tangazo la faragha lilikuwapo, lakini jambo hilo halikutajwa. Tena la kuchekesha na kuliza: programu ilionyesha vitufe viwili, cha kukubali na cha kukataa, lakini kabla mtu hajabonyeza hata kimoja, habari zilikuwa zimeshaanza kwenda! Kukataa kwake kulikuwa bure kama kufunga zizi ng'ombe wakishaibwa.

Kwa nini mtu ahangaike hivyo kwa sababu ya tochi? Ni biashara. Programu nyingi ni za bure kwa mtumiaji, na mwenyewe hulipwa na watangazaji wa biashara. Kadiri anavyowajua watu wake, wanakolala, wanakonunua na wanachopenda, ndivyo tangazo lake linavyopata bei. Kumbe cha bure kina bei yake, ila hukuonyeshwa.

Hapa Kenya kidonda chetu kikubwa kimekuwa ni programu za mikopo. Tuseme mama mboga ana shida ya shilingi elfu mbili. Anapakua programu, anaombwa ruhusa ya kusoma orodha ya nambari zake, anakubali kwa sababu mtoto ni mgonjwa na jioni inaingia. Siku ya kulipa ikimpita, simu zinaanza kulia. Si yake tu. Inalia ya mchungaji wake, ya mwalimu wa mtoto, ya mwenyekiti wa chama chake cha akina mama: "Mwambie fulani alipe deni letu." Wakenya wengi waliwahi kupokea ujumbe wa namna hii kuhusu deni wasilolijua kabisa.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo pana fundo la mada yetu. Mchungaji yule hakuomba mkopo. Mwalimu yule hakubonyeza "Nakubali". Nambari zao zimechukuliwa kwa kibali cha mtu mwingine, ambaye naye hakuelezwa zitatumiwaje. Kwa hivyo hili si suala la "mtu na simu yake". Simu ya mtu mmoja imebeba siri za watu mia.

3. SHERIA YETU INASEMAJE?

Wengi hubishana juu ya mada hii kana kwamba Kenya haina sheria. Ipo.

(a) Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, ikiwa ni pamoja na haki ya kutodaiwa wala kufichuliwa bila sababu habari za familia yake au mambo yake binafsi.

(b) Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, iliyotiwa sahihi mwezi wa Novemba mwaka huo, ndiyo iliyoleta Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sehemu ya 29 inamtaka anayekusanya habari amweleze mwenyewe, KABLA ya kuzikusanya: kwamba zinakusanywa, kwa sababu gani, nani wengine watapewa, zitalindwaje, na ni nini kitatokea akikataa kuzitoa. Sehemu ya 32 inasema kwamba mtu akidai umekubali, ni juu yake kuthibitisha, na wewe una haki ya kubadili nia. Sehemu ya 33 inasema habari za mtoto zisishughulikiwe bila kibali cha mzazi au mlezi.

(c) Kanuni za wakopeshaji wa kidijitali za mwaka 2022, chini ya Benki Kuu ya Kenya, zinakataza mkopeshaji kuingia katika orodha ya nambari za mteja ili kuwatumia watu ujumbe anapochelewa kulipa.

Je, sheria hizi huuma au hubweka tu? Mnamo Septemba 2023, Kamishna aliitoza faini ya shilingi 2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo, kwa kutumia majina na nambari za watu walizozipata kwa wengine na kuwatumia ujumbe wa vitisho. Wakati huohuo shule moja jijini Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Umeona? Hata shule haikusazwa.

Hata hivyo sheria yetu ina tundu. Sehemu hiyo ya 29 inasema maelezo yatolewe "kadiri inavyowezekana". Mjanja ataingilia hapo. Pia haitaji maelezo hayo yawe ya urefu gani wala ya lugha gani. Mwenye programu akiweka kurasa thelathini za Kiingereza cha mahakamani, atasema amekueleza. Nawe utasema hujaelezwa. Na nyote wawili mtakuwa mnasema kweli!

4. HOJA ZA WANAOPINGA

Mdahalo wa haki huwasikiliza wote. Wanaopinga sheria ya lazima wana hoja nzito, tusizipuuze.

Kwanza, wanasema hakuna asomaye. Nao wana ushahidi. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Aleecia McDonald na Lorrie Cranor, walikadiria kwamba Mmarekani wa kawaida akiamua kusoma matangazo yote ya faragha ya tovuti anazozitembelea, atatumia zaidi ya saa 200 kwa mwaka. Nani ana muda huo? Labda aache kulala.

Pili, wanasema sheria itawaumiza wadogo. Kampuni kubwa ina mawakili wa kuandika kurasa hizo. Kijana wa Kibera au Kisumu aliyetengeneza programu yake ya kwanza ya kufundisha hesabu atatoa wapi pesa za wakili?

Tatu, wanasema mwongo ataendelea kusema uongo. Wenye maduka makubwa ya programu wameshaanza kutaka maelezo: Apple tangu Desemba 2020, na Google tangu mwaka 2022. Lakini maelezo hayo hujazwa na mtengenezaji mwenyewe. Nyani haoni kundule. Atajiandikia kwamba yeye ni msafi.

Nne, wanasema mtu mzima ana hiari. Asiyetaka asipakue.

5. MAJIBU YA HOJA HIZO

Tuanze na ile ya mwisho, kwani ndiyo nyepesi. Hiari bila habari si hiari. Mtu huchagua kati ya vitu anavyoviona. Isitoshe, mwenye shida hana hiari kubwa. Mwaka 2023 Wakenya wengi walipanga foleni jijini Nairobi ili mboni za macho yao zipigwe picha na mradi wa Worldcoin, na kila mmoja akapewa sarafu za kidijitali za thamani ya kama shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo mwezi wa Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru habari hizo zifutwe, ikisema kibali kilichopatikana hakikuwa halali. Fikiria: nywila ikiibwa unaibadilisha, lakini jicho utalibadilisha na lipi?

Ama kuhusu mwongo, jawabu ni kwamba sheria ndiyo inayoupa uongo wake bei. Pasipo tangazo la lazima, yule mwenye tochi angesema, "Sikuahidi chochote." Alikamatwa kwa sababu maneno yake yaliwekwa kando ya vitendo vyake, yakaonekana hayalingani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tangazo la faragha ndilo daftari. Hata wewe usipolisoma, mwanahabari atalisoma, wakili atalisoma, na Kamishna atalisoma siku utakapolalamika.

Kuhusu kijana mwenye programu ndogo, hana haja ya wakili kama hachukui kitu. Ataandika sentensi tatu, basi. Anayehitaji kurasa thelathini ni yule anayechukua mengi na kuwagawia wengi. Kwa hivyo sheria hii, ikiandikwa vizuri, humpunguzia mzigo mnyofu na kumwongezea mlafi.

Inabaki hoja ya kwanza, kwamba hakuna asomaye. Hii ni kweli, nami siipingi. Lakini kosa si la msomaji. Tangazo limeandikwa lisisomeke. Na hapa, wanachama wenzangu, ndipo Kiswahili kinapoingia.

6. LUGHA INAYOFICHA NA LUGHA INAYOFICHUA

Soma sentensi hii niliyoitunga kwa kufuata mtindo wa matangazo hayo:

"Taarifa fulani zinaweza kukusanywa na kushirikishwa washirika teule kwa madhumuni ya kuboresha huduma."

Tuichambue kama tunavyofundishwa darasani. "Zinaweza kukusanywa" ni kauli ya kutendwa, na mtenda ameachwa nje. Nani anakusanya? "Zinaweza": zinakusanywa au hazikusanywi? "Taarifa fulani": zipi? "Washirika teule": wameteuliwa na nani, wanaitwa nani? "Kuboresha huduma": kufanya nini hasa? Sentensi nzima haina kosa la sarufi hata moja, na haina habari hata moja. Mwanafunzi akiandika hivyo katika ufahamu atapata sufuri, lakini kampuni ikiandika hivyo inapata kibali cha mamilioni ya watu.

Sasa linganisha na tangazo hili la mchezo wa kubuni:

"Mchezo huu unahifadhi jina utakalochagua na alama zako. Hatusomi nambari zako, picha zako wala mahali ulipo. Tunaonyesha matangazo ya biashara. Kampuni inayotuletea matangazo hayo hujua aina ya simu yako na nchi uliyomo. Ukikataa, bado utacheza. Ukiufuta mchezo, tutafuta habari zako baada ya siku 30. Kama hujafika miaka 18, mwite mzazi kwanza."

Sentensi saba. Mtenda yupo: "tunaonyesha", "tutafuta". Hata nyanya anayejua kusoma Kiswahili cha Biblia au cha gazeti atalielewa, na asiyejua kusoma atasomewa kwa nusu dakika. Hilo la nusu dakika ndilo jibu kwa wale wa saa 200.

Tukumbuke pia kwamba Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Programu inayotafuta wateja kwa Kiswahili, ikiandika "Pata mkopo sasa hivi!" kwa herufi kubwa, ina sababu gani ya kugeukia Kiingereza inapofika mahali pa kueleza itakachochukua? Kama imejua Kiswahili cha kuita, ijue na Kiswahili cha kuonya.

7. UAMUZI

Kwa maoni yangu, naam, sheria iwalazimishe. Lakini kulazimisha tangazo lolote tu hakutoshi. Sheria idai mambo haya manne:

i) Tangazo litolewe kabla ya habari kuchukuliwa, na programu isianze kutuma kitu kabla ya jibu.

ii) Liwe fupi, kwa Kiswahili na Kiingereza, likitaja mtenda, kinachochukuliwa, sababu, wanaopewa, na muda.

iii) Anayekataa kutoa kisichohitajika kwa kazi ile asinyimwe huduma. Tochi iwake hata kama haijui uliko.

iv) Mambo mengine yakatazwe kabisa, hata kama yametangazwa. Kuwatisha watu waliomo katika orodha ya nambari ni ubaya hata ukiandikwa kwa wino wa dhahabu, maana wale watu hawakuulizwa. Kanuni za mwaka 2022 zimeshaonyesha njia, zifuatwe.

Kwa sasa, kabla sheria haijakamilika, kinga ni bora kuliko tiba. Fungua mipangilio ya simu ya nyumbani ukiwa na mwenye simu, mtazame pamoja ruhusa za kila programu. Isiyohitaji kipaza sauti, inyime. Usiyoitumia, ifute. Na aliyeumizwa ana mahali pa kwenda: Ofisi ya Kamishna hupokea malalamiko, na sheria inaitaka iyamalize katika muda wa siku 90.

Mbuzi si mbaya, na gunia si baya. Kibaya ni kukatazwa kulifungua kabla ya kulipa.

ZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya faragha na kuficha maovu. Toa mfano kutoka kijijini au mtaani kwenu.

2. "Simu ya mtu mmoja imebeba siri za watu mia." Jadili.

3. Igeuze sentensi hii iwe katika kauli ya kutenda, ukimtaja mtenda na kitu chenyewe: "Data inaweza kuhifadhiwa kwa muda unaofaa."

4. Tunga tangazo la faragha la programu ya kukopesha vitabu vya maktaba ya shule. Lisizidi maneno 60.

5. Mdahalo: "Sheria haina maana kama raia hasomi." Unga mkono au pinga.

Majibu ya swali la nne yaletwe kwa katibu wa chama. Lililo bora litabandikwa ubaoni, kwa idhini ya mwandishi, bila shaka!